Chumvi tulishakula, sasa mseme msimamo

Ndugu zetu wa Kasongo na Kabambare, wa Salamabila, Wamaza, Kipaka na Samba, na ninyi wote wa kwetu mlio Kindu, Lubumbashi na Kinshasa mkitafuta maisha,

Kwa hesabu ya Katiba, uchaguzi ujao ni mwaka 2028. Kuna watakaosema: bado mbali, mnakimbilia nini? Tunawajibu kwamba wenyewe wamekwisha kuanza. Tazameni kilio kikitokea kwenye familia kubwa, nani anafika wa kwanza na mifuko ya mchele. Tazameni mashindano ya mpira wakati wa likizo, kombe linabeba jina la nani. Tazameni hizi fondasio zinazoota kama uyoga baada ya mvua, kila moja na picha ya mwenye nayo mgongoni mwa tiriko. Hiyo ni kampanye tayari. Na ndani ya kampanye hiyo kila kitu kiko, isipokuwa kimoja tu: huyu mtu anasimamia nini?

Tunauliza bila matusi. Unasimamia nini?

Mwaka 2023 waliandikishwa kwenye tume ya uchaguzi, CENI, wagombea zaidi ya 25,000 wa ubunge wa taifa na zaidi ya 44,000 wa ubunge wa jimbo kwa nchi nzima. Kampanye ilidumu mwezi mmoja, kuanzia tarehe 19 Novemba mpaka tarehe 18 Desemba. Mwezi mzima tulikuwa pale kwenye mikutano, chini ya jua, na daftari mkononi. Tulichoandika ni hiki: "Mimi ni mtoto wenu." "Mkinichagua, barabara itatengenezwa." "Vijana watapata kazi." "Nitaleta umeme." Kisha muziki, kisha chumvi na sabuni, kisha vikwembe kwa mamama, kisha pikipiki zinaondoka na bendera na vumbi. Hakuna aliyesema: sheria fulani nitaiunga mkono, ile nyingine nitaikataa. Hakuna aliyesema: bajeti ya jimbo ikija na tundu hili, sitaipigia kura. Hata neno "bajeti" lenyewe hatukulisikia.

Sehemu nyingine za dunia, mtu hawezi kufika mbele ya wapiga kura wote bila kupita kwanza kwenye mchujo wa chama chake. Marekani kila jimbo linapiga kura hiyo, na pale mgombea anabanwa: kodi unasemaje, hospitali unasemaje, silaha unasemaje. Hatusemi majirani zetu ni malaika. Kenya, vyama kama UDA vilifanya mchujo wao Aprili 2022, na malalamiko hayakukosa. Tanzania, wanachama wa CCM walipiga kura za maoni Agosti 2025, lakini vikao vya juu ndivyo vyenye neno la mwisho, na aliyeongoza anaweza kukatwa jina. Sawa. Lakini angalau mwanachama wa kijijini aliulizwa: kati ya hawa, nani?

Sisi nani alituuliza? Jina linatoka Kinshasa. Linaletwa na ndege au linaletwa na WhatsApp, halafu mwenyekiti wa chama hapa Kasongo anajulishwa kama vile unavyojulishwa matanga. Ati, huyu ndiye wetu. Mwanachama aliyebeba bendera miaka mitano anabaki kupiga makofi.

Na tusidanganyane, sheria nayo inasukuma mambo yaende hivyo. Tangu marekebisho ya 2017, orodha isiyofikisha asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti cha taifa, na kwa jimbo ni asilimia 3. Kwa hiyo mgombea hachagui kundi la kisiasa kwa fikra zake. Anachagua kwa kalkileta: nikiingia hapa nitavuka, nikiingia pale nitazama. Ndiyo sababu unamkuta mtu ana bendera ya kundi ambalo hajui hata linaamini nini, na ukimwuliza programu yao iko wapi anakutazama kama umemtukana mama yake.

Matokeo yake tuliyaona mapema mwaka 2021. Bunge lililochaguliwa 2018 lilikuwa na wingi mkubwa wa FCC. Mwezi Desemba 2020 Raisi akatangaza mwisho wa ushirikiano wa FCC na CACH, na kufikia tarehe 27 Januari 2021 bunge lilelile likaangusha serikali ya Sylvestre Ilunga Ilunkamba kwa kura 367. Watu walewale! Mtu anaweza kupenda ile serikali au kuichukia, hiyo si hoja yetu leo. Hoja yetu ni kwamba hakuna aliyerudi kwa wapiga kura wake kusema: mlinituma kwa rangi hii, naomba ruhusa niende kwa rangi ile. Na Katiba, kifungu cha 110, inasema mbunge akiacha chama chake kwa kusudi anahesabiwa kuwa ameacha kiti. Walipata njia ya kukizunguka kifungu. Asiyekuwa na msimamo tangu mwanzo hana kitu cha kusaliti, ndiyo raha yake.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo tunachezewa zaidi.

Mbunge wa jimbo anafanya kazi gani? Katiba, kifungu cha 197 na cha 198, imeeleza. Anapiga kura ya sheria za jimbo, zile wanaita edi. Anapiga kura ya bajeti ya jimbo. Anakagua serikali ya jimbo na huduma za umma. Na anamchagua liwali na makamu wake. Maseneta pia wanachaguliwa na haohao. Basi. Hana trakta. Hana kasha la pesa za kujengea daraja. Hana jeshi. Anapokuahidi daraja, anakuahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake, na hawezi kulaumiwa kisheria asipokileta. Na kile kilichomo mikononi mwake kabisa, kura yake, hakitaji hata siku moja.

Fikirieni vizuri. Ninyi na sisi hatumchagui liwali wa Maniema. Tarehe 29 Aprili 2024 waliofanya kazi hiyo Kindu ni wabunge wa jimbo peke yao, watu wachache wanaoweza kukaa ndani ya basi moja. Kura ya kila mmoja wao, siku hiyo, ina uzito kuliko kura za kijiji kizima. Je, kuna hata mgombea mmoja aliyetuambia katika kampanye: mimi nikifika Kindu, liwali nitakayemtafuta ni wa namna hii, na mwenye sifa hizi sitampa kura hata anipe nini? Hakuna. Kura yenye thamani kuliko zote ndiyo ilinyamaziwa na wote.

Na kwa nini inanyamaziwa? Mwezi Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, harufu ya rushwa ilizidi mpaka wakuu wa nchi wakakutana Kinshasa na kutangaza kusimamisha uapisho wa maseneta na kusogeza mbele uchaguzi wa maliwali. Nchi nzima ilisikia. Maseneta wakaingia hata hivyo. Kwa hiyo mtu akikupa kilo ya chumvi Novemba na anakataa kukwambia atampa nani kura yake mwakani, piga hesabu mwenyewe. Chumvi ni mtaji. Anayoitafuta ni faida.

Tuchukue barabara, kwa kuwa ndiyo wimbo wao. Kutoka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na wakati wa mvua motari anasukuma pikipiki kuliko anavyoipanda. Barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Mbuji-Mayi na kupita kwetu kuelekea Bukavu, ni ya taifa kwa jina tu. Muhogo na mchele unaoza Kabambare, na sukari ikifika Kasongo bei yake haishikiki. Sasa, barabara ya taifa iko chini ya Ofisi ya Barabara, barabara za kilimo ziko chini ya huduma nyingine, na kila lita ya esansi inayouzwa kihalali ina sehemu yake inayokwenda kwenye mfuko wa FONER kwa ajili ya matengenezo. Mbunge wa taifa ana haki, kifungu cha 138, ya kumwuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi, kumwita ajieleze, na kuomba tume ya uchunguzi. Kwa hiyo msimamo juu ya barabara si "nitaleta barabara". Msimamo ni: katika kikao changu cha kwanza nitamwuliza waziri pesa za FONER zilizohesabiwa kwa Maniema ni ngapi, zilifika kwa nani, zilifanya kazi kwenye kilomita zipi, na jibu lake nitawasomea kwenye redio hapa nyumbani. Hilo linawezekana. Halihitaji hata franka moja ya mfukoni mwake. Ndiyo maana hawalisemi, kwa sababu mwisho wa mwaka utaweza kumshika kwalo.

Kuna wale wanaojisifu kwamba walitengeneza kidaraja kwa mfuko wao. Mamama walipiga vigelegele, na hatuwalaumu, anayevuka na mtoto mgongoni hawezi kungoja Katiba. Lakini mbunge akigeuka kuwa fundi wa mbao, nani anabaki kuuliza mbao zilizonunuliwa na serikali ziko wapi? Yeye na liwali wanakuwa wafadhili wawili, wanapeana mikono, na hakuna anayemkagua mwenziwe.

Halafu dhahabu. Hapa ndugu zetu wa Salamabila mnajua kuliko sisi. Namoya, kampuni ya Banro ilitangaza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Mwaka 2019, baada ya utekaji wa wafanyakazi na mashambulizi, kazi ikasimama. Mgodi umebadilisha mikono, Mai-Mai Malaika wamekuwa wakiingia na kutoka kwenye habari kama mvua, na mchimbaji wa mkono anaitwa mwizi juu ya udongo aliozaliwa. Mgombea wa Kabambare anapita Salamabila anasema: "Dhahabu ni yenu!" Makofi. Anaondoka.

Apana, asiondoke. Sheria ya migodi ya 2018 iko wazi. Kwenye dhahabu, redevansi ni asilimia 3.5. Kila dola 100 za redevansi zinagawanywa hivi: 50 zinakwenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa ETD ambako mgodi uko, yaani sekta au usultani, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo, kampuni inapaswa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wananchi, na kuweka sahihi mkataba wa majukumu na jamii zinazouzunguka mgodi. Hizo 25 za jimbo zinapita kwenye bajeti inayopigiwa kura na nani? Na mbunge wa jimbo, huyohuyo. Hizo 15 za sekta zinatumiwa na huduma za mashinani ambazo nani ana haki ya kuzikagua? Huyohuyo. Basi atuambie kabla ya kuchaguliwa: ataomba hesabu ya redevansi ya Namoya, mwaka kwa mwaka, ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya sekta, ndiyo au hapana? Wachimbaji wa mkono watengewe eneo lao halali, ndiyo au hapana? Akisema "tutaona", aandikwe hapana.

Juu ya programu ya teritwari 145 hatutakawia sana. Ilizinduliwa 2022, zaidi ya dola bilioni 1.6 zilitangazwa kwa nchi nzima, shule, vituo vya afya na majengo ya utawala, ikagawiwa kwa wasimamizi watatu: BCeCo, CFEF na PNUD. Kasongo na Kabambare zote zimo ndani ya zile 145. Kila mgombea anapiga picha mbele ya jengo lenye mabati mapya kama vile ni la kwake. Tunataka orodha tu: majengo yaliyopangwa kwetu, yaliyomalizika, yaliyobaki, na nani alilipwa. Mbunge asiyeweza kupata karatasi moja kama hiyo anakwenda Kinshasa kufanya nini?

Shule nayo ni hivyohivyo. Kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi ya umma ni bure, na tangu 2019 serikali ilianza kutekeleza. Vizuri, tuliunga mkono na bado tunaunga mkono. Lakini walimu wa N.U. wanaofundisha bila mshahara bado wako, na mzazi analipa kwa mlango wa nyuma. Mgombea yuko upande gani? Anataka walimu hao waingizwe kwenye bajeti ya Septemba, au anaona wazazi waendelee kuchangia? Majibu yote mawili ni misimamo. Kunyamaza ndiko si msimamo.

Tunajua watakachojibu.

Watasema: "Nyinyi vijana mna lisansi lakini hamjui siasa, raia ana njaa, usipompa chumvi hakuchagui." Njaa ni kweli. Wengi wetu tuna diploma ukutani na tunakula mara moja kwa siku, hatuhitaji kufundishwa njaa. Lakini mama anayepokea chumvi si mjinga, anajua hiyo ndiyo kodi pekee atakayorudishiwa miaka mitano. Angeona faida nyingine angeidai. Na yule anayetumia njaa yake kama sababu ya kutomjibu, amemtukana mara mbili.

Watasema: "Huyu ni mtoto wa nyumbani." Mbangubangu amchague Mbangubangu, Mkusu amchague Mkusu, na kadhalika mpaka ukoo. Sawa, lakini barabara ikikatika inakatika kwa wote, na liwali akinunuliwa ananunuliwa kwa lugha zote. Mtoto wa nyumbani ndiye anayepaswa kuulizwa kwa ukali zaidi, maana ndiye hana kisingizio cha kusema hakujua shida yetu.

Watasema kuna vita. Kweli vipo. Tangu Goma na Bukavu zichukuliwe na M23, Januari na Februari 2025, mizigo imepotea na wakimbizi wameongezeka. Lakini vita ni sababu ya kuuliza zaidi. Vijana wa Kabambare walioweka silaha chini watapokelewa namna gani kwenye programu ya P-DDRCS iliyoanzishwa 2021? Mgombea anayejua makamanda kwa majina na hana neno juu ya hilo anatutia hofu.

Na kwenu wenzetu, vijana mnaosoma hapa. Kuna kati yenu wanaopakwa rangi na kuitwa "wahamasishaji", wanapewa esansi ya kuzunguka siku moja na deni la miaka mitano. Mnawazomea wanaouliza maswali kwenye mkutano. Mwaka 2023 tuliona kijana anamfunika mdomo mwenziwe kwa bendera. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 katika nchi kwa udanganyifu, mashine za kupigia kura zilikutwa mpaka nyumbani kwa watu. Ni nani alizibeba zile mashine mgongoni? Wakubwa hawabebi, bana. Ni sisi vijana tunaobebeshwa.

Kwa hiyo tunaanzisha mchujo wetu wenyewe. CENI haituhusu kwa hili na hatuombi kibali cha chama. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi lake kwa mwenye mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na anayetafuta mamlaka anaweza kulizoea ombi mapema. Kila anayetaka kiti, awe wa upande wa serikali au wa upinzani, awe tajiri au hana kitu, atapelekewa karatasi ileile yenye maswali yaleyale, kwa Kiswahili: liwali wa namna gani utampa kura, na mali yako utaitangaza kabla ya siku hiyo; redevansi ya Namoya; FONER na barabara; orodha ya 145; walimu wa N.U.; vijana wanaoacha silaha; na ukihama kundi, utarudi kutuuliza au hutarudi. Kwa vyama, swali ni moja: wanachama wenu wa Kasongo na Kabambare watapiga kura kuchagua majina kabla hamjapeleka orodha CENI, au mtawaletea tena kutoka Kinshasa?

Majibu yawe ya maandishi, na sahihi. Hatupokei sauti za WhatsApp, hatupokei "mniite tuongee". Hatupokei bahasha, atakayeileta tutaipiga picha na kumrudishia. Mwenye kukubali tutamkaribisha hadharani, Kasongo kwanza, kisha Kabambare-senta na Salamabila kama njia inaruhusu, na raia watamwuliza wenyewe. Wale mnaotaka kubeba karatasi kwenye vijiji vyenu, hasa dada zetu, kwa kuwa mikutano ya wanasiasa inawaita kwa kucheza tu na haiwaiti kwa kuuliza, andikeni majina yenu kwa wenzetu wa mtaa wenu.

Majibu yote tutayachapisha hapa neno kwa neno, moja chini ya jingine, na tutayasoma kwenye redio. Kwa atakayekataa kujibu tutaweka jina lake, kundi lake, na chini yake nafasi nyeupe yenye urefu sawa na ya wengine.